Baridi ya Bondeni

Kwa miaka kumi na tisa nimesoma kipimajoto cha Chullpani mara mbili kwa siku, saa mbili asubuhi na saa nane mchana. Kimo ndani ya kisanduku cheupe chenye kuta za mbavu za mbao, nyuma ya shule, mita elfu tatu mia nane na arobaini juu ya usawa wa bahari. Bahari yenyewe Bolivia haina tangu vita vya mwaka 1879, ingawa nilipokuwa mwalimu niliwafundisha watoto kuichora kila mwezi Machi. Namba naziandika katika daftari la ofisi ya hali ya hewa, na mwisho wa mwezi nazipeleka Oruro kwa basi la Alhamisi. Sijaruka siku hata moja, isipokuwa wiki niliyofanyiwa upasuaji wa nyongo.

Nasema haya ili ieleweke kwamba nilipomshauri mdogo wangu Hilaria kuhusu viazi vyake, sikubahatisha. Nilikuwa na takwimu. Katika miaka kumi ya kwanza ya daftari langu, mwezi Juni ulikuwa na wastani wa siku ishirini na mbili ambazo kipimajoto kilishuka usiku hadi digrii nane chini ya sifuri, au zaidi. Katika miaka iliyofuata wastani ulikuwa siku kumi na nne, tena zimetawanyika. Chuño haitengenezwi kwa baridi iliyotawanyika.

Viazi vyetu vya huku juu ni vichungu. Ukivipika vikitoka shambani vinauma ulimi na kuvuruga tumbo. Kwa hiyo hutandazwa chini mwezi Juni, jalidi ya usiku ivigandishe hadi moyoni na jua la mchana livilegeze, siku tatu mfululizo kwa uchache. Kisha hukanyagwa kwa miguu mitupu hadi maji na maganda yatoke, na kuanikwa mpaka viwe vyeusi, vikavu na vyepesi kama vizibo vya chupa. Hapo ndipo vinaitwa chuño, na vikiwekwa pakavu havijui kuharibika. Mimi mwenyewe nimekula chuño iliyowekwa ghalani mwaka niliooa. Lakini kiazi kilichoganda nusu na kuachwa siku mbili tatu bila jalidi nyingine huoza, na hakuna dawa yake. Mwaka uliotangulia, jalidi ilikuja siku mbili ikakoma, na robo ya viazi vya kijiji ikawa chakula cha nguruwe.

Mwaka ule Hilaria hakuweza kupoteza robo. Alikuwa mjane wa miaka minne, mwanawe wa pekee yuko Antofagasta, Chile, akiendesha winchi bandarini, na mwezi Januari ilikuwa zamu ya nyumba yake kushika ujumbe, yaani ukuu wa kijiji. Kwetu cheo hicho huzunguka nyumba kwa nyumba, na anayekishika hulisha mikutano yote ya mwaka. Ardhi hufuata zamu. Nyumba inayoshindwa kushika zamu hunyang'anywa mashamba, nayo hupewa nyumba inayofuata kwenye orodha. Na jumbe hapimwi kwa fedha. Hupimwa kwa chuño yake, magunia manne kwa uchache, nayo chuño ya kununua sokoni haihesabiwi.

Hilaria alikuwa amevuna magunia ishirini na mawili ya viazi vichungu. Kilo tano za viazi hutoa kilo moja ya chuño. Hesabu ilitoa magunia manne na kidogo. Hakukuwa na nafasi ya kukosea. Na nyumba iliyofuata kwenye orodha ilikuwa ya Santos Choquecallata, binamu wa marehemu mume wake Anselmo, mtu mwenye wana watatu wakubwa na mashamba yasiyowatosha.

Tangu zamani chuño ya Chullpani hutandazwa Juqhu, bonde tambarare lililo mita hamsini chini ya shule, ambako kila nyumba ina ukanda wake. Mimi nilimwambia Hilaria asitandaze Juqhu. Nilimwambia apande Pukara, mgongo wa kilima ulio mita mia tatu na kumi juu ya shule. Joto hupungua zaidi ya nusu digrii kwa kila mita mia unazopanda. Kutoka Juqhu hadi Pukara ni digrii mbili na ushee. Nilimchorea jambo hilo kwa chaki ubaoni, mlima na mistari yake, katika darasa lile lile nililomfundishia kusoma alipokuwa na miaka saba.

Alisema bibi yetu alitandaza Juqhu maisha yake yote. Nilimjibu kwamba baridi ya bibi yetu haipo tena, na daftari lilikuwa na ushahidi. Akauliza kama nilikuwa na uhakika. Nikasema ndiyo.

Habari ilienea. Santos alitukuta kwenye mashine ya maji, Hilaria akijaza ndoo na mimi nikipiga mpini, akatusalimu kwa adabu zote kisha akaniuliza kama ni kweli viazi vya shemeji yake vinahamia mlimani.

"Ni kweli," nilisema.

"Mwalimu, mimi shule niliiacha darasa la tatu, wewe mwenyewe ndiye uliyenifukuza. Lakini kondoo wangu wakilala bondeni wanaamka na barafu mgongoni, wakilala juu wanaamka wakavu. Labda kondoo nao hawakusoma."

Hilaria alicheka. Mimi nilimweleza kwamba kondoo mkavu ni habari ya umande, wala haina uhusiano na joto la hewa. Santos akasema sawa, atawaambia.

Tulipandisha viazi kwa siku mbili, kwa lama kumi na mmoja na punda wawili wa kuazima. Tarehe kumi na mbili Juni Hilaria alitandaza majani makavu, akamwaga viazi juu yake, akavipanga kimoja kimoja visigusane. Alimwagia ardhi pombe kali kidogo na kuweka majani ya koka chini ya jiwe, sadaka kwa ardhi, kama inavyotakiwa. Mimi nilitazama mbingu, nayo ilikuwa safi.

Asubuhi ya kwanza kipimajoto cha shule kilionyesha kwamba usiku kulifikia digrii saba chini ya sifuri. Nilipanda Pukara nikiwa na furaha. Hilaria alikuwa amechuchumaa katikati ya viazi. Alinipa kimoja, nikakikata kwa kisu. Kilikuwa kimeganda unene wa ganda la chungwa, ndani kibichi kabisa. Usiku kucha kulikuwa na upepo, alisema. Nikasema upepo utatulia.

Asubuhi ya pili hali ilikuwa ile ile. Asubuhi ya tatu viazi vya upande wa magharibi, uliokingwa na mwamba, vilikuwa vimeganda nusu na kuanza kutoa maji ya rangi ya chai. Bondeni tuliwaona watu kama sisimizi, wengine wakianza kukusanya viazi katika malundo madogo kama vichuguu. Maana yake ni moja tu: vya kwao vilikuwa tayari kukanyagwa.

Ninacho kipimajoto cha akiba, nacho kama cha shule huacha alama kwenye kiwango cha chini kabisa cha usiku. Jioni ile nilikiweka Pukara, kimo cha shibiri moja kutoka ardhini. Asubuhi kilisoma digrii mbili nukta nne chini ya sifuri, wakati cha shule kilisoma sita. Jioni iliyofuata nilikishusha Juqhu, nikakisimamisha kimo kile kile kando ya ukanda wa Hilaria, uliokuwa mtupu. Asubuhi nilipiga magoti nikakisoma mara tatu, kwa sababu mara moja haitoshi mtu anapodhani anaona vibaya. Kumi na tatu nukta moja chini ya sifuri.

Maelezo yake ni rahisi, na jambo baya ni kwamba nilikuwa nimeyafundisha darasa la sita miaka mingi. Usiku mkavu usio na upepo ardhi hupoteza joto haraka. Hewa inayoigusa hupoa, huwa nzito, huteremka mteremko kama maji na kujaa mahali pa chini kabisa. Mgongo wa kilima hubaki na upepo, na upepo huchanganya hewa. Hesabu yangu ya nusu digrii ni sahihi kwa anga la mchana. Kwa usiku wa Juni huku nyanda za juu haifai kitu. Kisanduku changu kiko mteremkoni, katikati ya hali hizi mbili, na kimo cha kifua cha mtu. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa napima kwa usahihi mahali ambapo hakuna anayetandaza viazi.

Kuna lingine. Mimi ndiye niliyenakili hati ya mipaka ya kijiji, iliyoandikwa mwaka 1646, maana wino ulikuwa unafifia na hakuna mwingine aliyeweza kuusoma mwandiko ule. Hati inasema kwamba mkaguzi wa mfalme wa Hispania aliliacha bonde la Juqhu mikononi mwa watu wa Chullpani, ingawa majirani walilidai, kwa kuwa hapo ndipo walipogandisha chakula cha wanaume waliopelekwa kwa zamu kuchimba fedha Potosí. Niliinakili sentensi hiyo nikaiona ni habari ya mipaka. Mkaguzi yule hakuwa na kipimajoto, lakini alikuwa na mamia ya watu wa kulisha mgodini, na angejua mara moja kama chuño ya Juqhu ilikuwa mbovu.

Nilipanda Pukara kumwambia. Alikuwa akitenganisha viazi, vilivyooza huku, vya mashaka kule.

"Hilaria, nimekosea. Bondeni ni kumi na tatu. Hapa ni mbili."

Hakuinua kichwa. "Kumi na tatu za nini?"

"Digrii chini ya sifuri. Huku juu hakugandi. Hukupaswa kuvipandisha."

"Najua hakugandi, kaka. Navishika mkononi." Akatupa kiazi kwenye lundo la vilivyooza. "Ninachotaka kujua ni kama kesho bondeni kutakuwa na kumi na tatu tena."

Nikamwambia sijui, nina usomaji wa siku moja tu. Akasema basi kwa mara ya kwanza nimejibu vizuri.

Vilivyokuwa bado vigumu na vizima vilijaza magunia manane. Tulivishusha siku ile ile, akavitandaza kwenye ukanda wake. Vilivyobaki aliwapa nguruwe wa kijiji kizima, na Hilaria si mtu wa kulia mbele ya nguruwe. Magunia manane ya viazi ni gunia moja na nusu la chuño, au zaidi kidogo.

Mkutano ulifanyika Jumapili uani mwa shule. Jumbe wa mwaka ule alikuwa Eusebio Colquehuanca, mzee mpole asiyependa maneno marefu, na ajenda ilikuwa moja: Hilaria ameshindwa au hajashindwa. Desturi inatofautisha mambo mawili. Aliyepoteza viazi kwa mkono wa mbingu husubiriwa mwaka mmoja. Aliyevipoteza kwa uzembe huondolewa kwenye orodha.

Niliomba kusema kwanza. Nilikuwa nimeandaa karatasi yenye safu tatu: shule, Pukara, Juqhu. Niliwasomea namba zote, nikaeleza jinsi hewa baridi inavyoteremka, nikasema kosa ni langu peke yangu na kwamba Hilaria alitaka kutandaza Juqhu tangu mwanzo. Niliketi nikiamini nimemsaidia. Kila neno lilikuwa kweli.

Santos alisimama akavua kofia. Alisema anamheshimu mwalimu kwa kukiri, wengi wasingekiri. Kisha akauliza kwa upole kabisa: ikiwa shemeji yake alijua mahali sahihi, akapaacha kwa sababu kaka yake alichora mlima ubaoni, basi Januari nani hasa atakuwa jumbe wa Chullpani, yeye au kaka yake?

Hakuna aliyecheka. Wanawake wawili waliokuwa karibu yangu walitazama magoti yao. Mkono wa mbingu haukuhusika, nilikuwa nimethibitisha hivyo mimi mwenyewe kwa desimali, na kilichobaki kwenye mizani kilikuwa uzembe.

Hilaria alisimama bila kuombwa. Hakuzungumza kwa sauti kubwa.

"Shemeji ameuliza vizuri. Nilimsikiliza kaka yangu kwa sababu nyinyi nyote humsikiliza. Mwezi Oktoba akisema mvua itachelewa, nani hapa hupanda? Safari hii alikosea, na mimi nilikosea kumwamini kuliko miguu yangu. Miguu yangu ilijua. Basi nataka kulipa kwa miguu hiyo hiyo. Juqhu kuna viazi vya nyumba thelathini vinavyosubiri kukanyagwa, na nusu ya vijana wenu wako Chile kama wangu. Nitakanyaga kwa yeyote anayetaka, kwa fungu la kawaida, sehemu moja kwa kila kumi. Hiyo si chuño ya sokoni. Imetoka kwenye ardhi hii na kwenye mwili wangu. Siku ya Mtakatifu Yakobo njooni mpime. Yasipofika magunia manne, Santos achukue mashamba na mimi nitamwonyesha mwenyewe mipaka yake."

Wazee walishauriana wakitafuna koka. Mmoja alisema haijapata kutokea. Mwingine akasema haijakatazwa pia. Eusebio alimtazama Santos, na Santos akasema kwamba miguu ya mtu si mali ya mkutano. Kama anaweza, aweze. Wakakubaliana siku hiyo ya Mtakatifu Yakobo, tarehe ishirini na tano Julai.

Zilikuwa wiki tano. Kukanyaga huanza jua linapochomoza, viazi vikiwa bado na vipande vya barafu ndani, maana vikilegea kabisa hupasuka. Mtu husimama juu ya kichuguu, mikono kiunoni, anazungusha nyayo taratibu hadi maganda yateleze. Maji yanayotoka ni baridi kiasi kwamba baada ya dakika kumi huzijui tena nyayo zako zilipo. Hilaria alikanyaga kwa nyumba kumi na nane. Nilijiunga naye siku ya pili. Aliniambia nakanyaga kama mtu anayeua mende, akanionyesha tena na tena. Siku ya nne aliacha kunisahihisha. Miguu yangu ilipasuka visigino, yake pia, tukapaka mafuta ya lama. Siku moja aliniuliza kama kisanduku cha shule kinaweza kuhamishwa, nikamweleza kwamba ofisi haikubali, kwa kuwa mfululizo wa miaka kumi na tisa ungekatika. Akasema basi kiache, kinapima shule vizuri.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Santos mwenyewe. Ndiye aliyekuwa na viazi vingi kuliko wote, na wanawe wawili kati ya watatu walikuwa wameondoka kwenda kuvuna zabibu ng'ambo ya mpaka. Alimwita kwa kumtuma mkewe. Hilaria alikwenda, mimi nikafuata. Santos alikanyaga pamoja nasi siku tatu, kichuguu kwa kichuguu, na hakuna aliyetaja orodha. Alisema tu kwamba hajapata kuona mwalimu akifanya kazi asubuhi.

Siku ya Mtakatifu Yakobo wazee walikuja uani kwa Hilaria na gunia la kupimia. Chuño ilimwagwa juu ya blanketi ikapimwa gunia kwa gunia mbele ya watu wote. Gunia la kwanza, la pili, la tatu. La nne lilifika katikati likakoma. Eusebio alilitikisa chuño ikae vizuri, ikashuka zaidi.

"Matatu na nusu kasoro," alisema. Alionekana kama mtu aliyeumwa jino. "Mkutano ulisema manne."

Hilaria alisema ndiyo, ulisema manne. Mimi nilikuwa nimeshafanya hesabu kichwani na nilijua palipobaki pengo, lakini nilikuwa nimejifunza ukweli wangu unavyoweza kumfaa mtu, nikasita. Kila mtu alikuwa akimtazama Santos, maana siku ile mashamba yalikuwa ya kwake ikiwa atanyamaza tu.

Santos alikuwa ameegemea ukuta. Alijikuna shavu.

"Fungu lake la kwangu hamjalipima," alisema. "Bado liko juani Juqhu, halijakauka. Leo asubuhi nimeligeuza."

"Ni kiasi gani?" Eusebio aliuliza.

"Nendeni mkaone. Mimi sijui kupima kwa macho, muulizeni mwalimu. Yeye atawaambia digrii ngapi." Watu wakacheka, na mimi nikacheka pia. "Gunia zima halifiki. Lakini nusu linapita."

Tulishuka Juqhu sote, wazee mbele. Fungu lilikuwa limeanikwa kwenye majani, mbali na chuño ya Santos, na kamba nyekundu ya sufu imezungushwa ili zisichanganyike. Eusebio alilipima mara mbili. Kisha akatangaza kwamba nyumba ya marehemu Anselmo Choquecallata itashika zamu Januari, na kwamba jambo hili lisiongelewe tena.

Wakati wa kupanda kurudi, Hilaria alitembea kando ya Santos, na mimi nilikuwa nyuma yao nimebeba gunia. Nilimsikia akimuuliza kwa nini hakunyamaza. Santos alisema alilifikiria jambo hilo siku mbili, lakini chuño ilikuwepo, imelala pale juani, kila apitaye angeiona.

"Na Januari," Hilaria akasema, "wa kwanza nitakayemtuma kuchimba mtaro wa barabara ni wewe, shemeji. Ujue hivyo."

"Najua," alisema Santos. "Wana wangu watakuwa wamerudi. Tutume sote wanne."